Masikio ya Kitanda

Mvua ilipoanza kugonga mabati, Ta Byabato aliacha ndizi zake kwenye sahani, akavuta kigoda hadi mlangoni, akakaa akitazama migomba. Binti yake, Kemilembe, akatua kijiko. Alijua kitakachofuata. Kila aliyewahi kukaa nyumba ile msimu wa mvua alikijua.

"Mbona haingurumi?" mzee akauliza.

"Siku hizi haingurumi, Tata."

"Mvua gani isiyonguruma? Mvua bubu hii!" Akatoa punje ya kahawa mfukoni, akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna polepole. "Mutalemwa ameniambia, ikinguruma tu anakuja, tunakwenda kuchomeka kijiti. Sasa kama haingurumi, atajuaje?"

Kemilembe akatazama nje. Mutalemwa, kaka yake, alikuwa nyuma ya mibuni pale pale mbele ya macho ya mzee, chini ya kaburi la saruji lililoota ukungu. Watoto waliozaliwa mwaka aliozikwa sasa walikuwa na watoto wao. Mzee mwenyewe ndiye aliyelisakafia lile kaburi kwa mikono yake, na kwa miaka mingi alilifagia kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Kisha akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Kwanza yalipotea majina ya majirani, ikafuata njia ya kwenda sokoni, mwishowe likapotea na kaburi. Mtoto alibaki. Alibaki mzima, mwenye miguu ya kukimbia, amekwenda mahali na atarudi ikinguruma.

Mvua ikakaza. Taa ya sebuleni ikaongeza mwanga, nyasi zilizotandikwa sakafuni zikang'aa. Juu ya kilima, mnara ulikuwa unakunywa. Ndivyo watu walivyosema, mnara unakunywa, na hawakukosea sana. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zilipanda hadi tumboni mwa mawingu, zikaunyonya umeme kabla haujakomaa kuwa radi, zikaushusha taratibu kwenye mabetri yaliyofukiwa chini ya ardhi. Tangu minara isimame, kilima kwa kilima, hakuna mtu aliyepigwa na radi katika nchi ile, na taa ziliwaka bure hadi kwenye mabanda ya mbuzi. Kemilembe mwenyewe alikuwa fundi wa mnara ule.

Na aliyetoa kilima bila kudai hata senti? Aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wenzake waukubali mnara, wengine wakimtukana, wengine wakimfungia mlango? Ndiye huyu huyu, aliyekaa kwenye kigoda akiulizia ngurumo.

"Mimi namsubiri tu," mzee alisema. "Hatakawia."

Alisubiri mpaka mvua ikakatika. Halafu akaingia ndani ameinamisha kichwa, akakataa chakula, akalala na nguo zake. Kesho yake ilinyesha tena, na akasubiri tena. Ungemwona uso wake kila mvua inapoisha, jamani, ungetafuta pa kujificha.

*

Nyakati za radi, uyoga wa vichuguuni haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa wa yule aliyewahi. Ngurumo ya kwanza ikipiga, mtoto anachomoka na kijiti chake, mbio hadi kwenye kichuguu, anakichomeka. Basi. Uyoga utakaochipua pale ni wa kwao, na hakuna mtu mzima mwenye adabu zake atakayeugusa. Wazee waliamini kwamba ngurumo ndiyo inayouamsha uyoga ardhini. Kemilembe aliposoma fizikia akakuta kwamba wazee hawakuwa wanaota: umeme ukipita kwenye udongo, uyoga hushtuka na kuchipua. Na kweli, tangu minara ianze kunywa, vichuguu vilikuwa vitupu.

Alizikumbuka mbio zile, na mpaka leo zilimwasha nyayo. Wingu likijifunga, bibi anafunika kioo kwa kanga, redio inazimwa, mwenye nguo nyekundu anaamriwa avue. Na watoto? Wamejipanga nyuma ya mlango, kijiti mkononi, wanasukumana. Mama anafoka, "Atakayetoka nitamchapa!" Anafoka hivyo hivyo kila mwaka, na kila mwaka wanatoka. Hofu yenyewe ilikuwa tamu. Ukirudi umelowa chapachapa, unaangua kicheko, unakula kofi moja la uongo na kweli, unapewa uji wa moto.

Siku ile Mutalemwa ndiye aliyewahi. Walimkuta kichuguuni, kijiti kikiwa bado mkononi.

"Wewe si ndiye unayeshika mitambo ya mnara?" Shangazi Kokugonza alimwambia Kemilembe jioni moja wakimenya ndizi jikoni. Alikuwa dada wa Ta Byabato, amehamia pale kusaidia kumtunza, na ulimi wake haukuwa na breki. "Uzime kidogo tu. Radi ipige, kaka yangu aisikie, roho yake itulie."

"Nizime mnara? Shangazi! Radi ikishuka nitaiambia iende shambani kwa nani? Impige mtoto wa nani?"

"Basi mwache alivyo."

"Kumwacha siwezi." Kemilembe akatupa ndizi sufuriani. "Nitamtengenezea ya kwake."

"Ya kwake nini?"

"Radi."

Shangazi akamtazama, akatazama kisu mkononi mwake mwenyewe, akakiweka chini. "Mungu wangu wee," akasema. "Na huyu naye akili zimeanza kumhama."

*

Karakana ya Kemilembe ilikuwa banda la kukobolea kahawa, hatua kadhaa kutoka mlango wa nyumba, ukipita kile kichuguu. Ndiyo, kile kile. Hakikubomolewa, kwa sababu mzee alikataa.

Cheche kubwa ilikuwa kosa kisheria. Mnara hauna macho. Ukisikia cheche iliyozidi urefu wa kiganja unadhani ni radi iliyoponyoka, unapiga kelele kituoni. Fundi wa mnara akikamatwa na kitu kama hicho kwao, kazi hana. Kemilembe alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado akaanza kuokoteza vitu.

Televisheni ya chogo iliyokufa kabla ya minara ilimpa kifaa cha kupandisha umeme hadi maelfu ya volti. Chupa nene za mvinyo akazijaza maji ya chumvi na kuzivika karatasi ya alumini kwa nje. Hizo ndizo kapasita zake, za kulimbikiza umeme mpaka uhitajike. Kilichobaki ni mwanya, yaani tufe mbili za shaba zinazotazamana bila kugusana, ambapo cheche ingeruka. Tufe ziwe laini, bila kona wala mkwaruzo, maana umeme hupenda kuvujia kwenye ncha.

Tufe kama hizo zilikuwa mahali pamoja tu. Kitanda cha mzee, cha chuma, alichokinunua alipooa kwa mauzo ya kahawa ya msimu mzima, kilikuwa na tufe za shaba juu ya nguzo zake nne. Utotoni, Kemilembe na Mutalemwa walijitazama humo wakicheka pua zao zilivyovimba. Marehemu mama alikuwa akizisugua kwa majivu na ndimu kila Jumamosi. Kemilembe akafungua mbili za kichwani, mzee akiwa anaota jua. Kesho yake asubuhi balaa likazuka.

"Nani amekata masikio ya kitanda changu?" mzee alinguruma kutoka chumbani. "Kitanda kitasikiaje sasa?"

"Nimeyaazima, Tata. Nitayarudisha."

"Uyarudishe! Mama yako akija akikuta hayapo atadhani nimeyauza."

Mtambo wa kwanza ulikuwa wa tufe mbili basi, mwanya wake nusu ya kiganja. Ulifanya kazi, tena kupita kiasi. Ulifyatuka ulipotaka wenyewe. Siku hewa ikiwa kavu uliwahi, siku ya unyevu ukasubiri, na siku moja ulilia "pa!" wakati Shangazi Kokugonza anapita dirishani na beseni la maharage. Beseni lilikwenda huku, maharage kule, na shangazi mwenyewe akakutwa amekumbatia mgomba.

"Radi yako haina adabu!" alipiga kelele alipopata pumzi. "Ingekuwa na adabu ingebisha hodi!"

Ilikuwa kweli. Kemilembe alihitaji radi inayongoja kuamriwa. Akatoboa tufe moja katikati kwa keekee, akapenyeza humo spoki ya baiskeli kuukuu ya mzee, akaivika kipande cha mrija wa kioo ili isiguse shaba. Kisha akazitenga tufe kidogo zaidi, kiasi kwamba umeme wa chupa peke yake usiweze kuruka. Spoki akaiunganisha na koili ya pikipiki. Maana yake hii: chupa zikijaa, umeme unasimama pande mbili za mwanya kama watu waliojazana mlangoni kwenye harusi, kila mmoja anamwonea haya mwenzake kuingia kwanza. Koili inapiga cheche ndogo kwenye ncha ya spoki. Huyo ndiye wa kwanza kuingia. Akishaingia mmoja, wote wanasukumana nyuma yake kwa mpigo.

Alichaji, akarudi nyuma, akavuta kamba ya swichi. Spoki ikasema "tik". Tufe zikanyamaza.

Akajaribu tena. Tik. Akakagua koili, akabadilisha chupa, akasogeza tufe, akazirudisha. Tik. Alikuwa amekwishaanza kuzungumza na ule mtambo kwa maneno yasiyofaa kanisani, ndipo akaziba madirisha kwa magunia ili aone kama kuna mahali panapovuja. Gizani akaona. Mwanga hafifu wa zambarau ulikuwa unatambaa kwenye kamba alizofungia tufe, ukinong'ona sss, sss.

Kamba za mgomba.

Kemilembe akaketi chini akacheka mpaka machozi. Kwao mtu hufunga kila kitu kwa kamba ya mgomba: mzigo wa kuni, uzio, mbuzi, mlango wa choo. Hakuna anayewaza. Mkono wake ulikuwa umefunga wenyewe, kama ulivyofundishwa na mama, na zile kamba zilikunywa unyevu wa hewa na kuumwaga umeme wote chini kabla haujafika popote. Fundi mzima wa mnara! Akazikata, akafunga tufe kwa nailoni nene ya kuvulia samaki.

Akachaji. Akavuta.

Cheche nyeupe iliruka ikamwachia alama ya kijani machoni. Mlio wake ulimpiga kifuani. Banda lilinuka ile harufu ya zamani, harufu ya hewa iliyoungua baada ya radi kushuka karibu. Hakuwa ameisikia tangu utotoni. Alisimama akainusa mpaka ikaisha. Kisha akachukua fimbo yake ndefu yenye waya wa ardhi, akagusa chupa moja baada ya nyingine kumaliza umeme uliobaki, kama alivyofanya kila mara kabla ya kusogea karibu.

Alitoka mbio kumtazama baba yake. Mzee alikuwa kwenye kigoda, hana habari.

"Umesikia, Tata?"

"Nimesikia. Nani anapasua kuni?"

*

Ulihitajika mvumo, si mlio tu, na cheche ndefu kuliko kiganja, kwa hiyo chupa zikaongezwa na tufe zikatengwa zaidi. Kemilembe akaburuta bandani ule mtumbwi mkubwa wa mti ambamo babu yake alikuwa akikanyagia ndizi za pombe ya rubisi, akaufunika juu ya mtambo, upande wa dirisha umeinuliwa. Nyuma ya banda akalaza tangi la maji la bati lililotoboka, mdomo wake umeelekea kilimani. Na kwa kuwa mtambo mkubwa unahitaji ardhi nzuri, yenye unyevu, ya kupokea umeme wake, akaupigilia mkuki wa shaba mahali palipokuwa na udongo laini kuliko pote, yaani kichuguuni. Aliupigilia akitazama pembeni.

Shangazi Kokugonza alikuja akasimama mlangoni mwa banda, safari hii bila beseni.

"Nikuulize kitu, Kemi, usikasirike."

"Uliza."

"Siku akisikia, akakumbuka je? Sisi tulimzika Mutalemwa mara moja. Wewe unataka kaka yangu amzike leo, mzee hivi, hana hata nguvu za kulia?"

"Anamsubiri kila mvua, Shangazi. Kila mvua! Huko nako si kuzika?"

"Na asipokumbuka? Akadhani mtoto anakuja kweli?"

"Mimi simdanganyi. Nampa ngurumo tu. Ngurumo si uongo."

"Haya." Shangazi akajifunga kanga vizuri. "Na akiisikia akamwita mtoto wake, nani ataitika?"

Kemilembe alijifanya anakaza waya uliokuwa umekaza tayari.

"Ndiyo hapo sasa," shangazi alisema. Lakini hakuondoka akaenda zake. Aliinama, akaokota vipande vya kamba za mgomba vilivyozagaa sakafuni, akavitupa nje.

*

Mvua ilikuja alasiri, nzito, na mawingu meusi yamelalia mnara. Mzee akavuta kigoda. Shangazi akasimama nyuma yake, mkono begani mwake, kama walivyokubaliana. Kemilembe alikuwa bandani, anachungulia katika upenyo wa mbao, nailoni ya swichi imezungushwa kiganjani.

Chupa zilianza kuimba. Kadiri zilivyojaa ndivyo nywele za mikono zilivyomsimama. Sasa zimejaa. Akitaka avute. Hakuvuta.

Alimtazama baba yake kwa mbali, amekaa na shati lake la kanisani, amekosea vifungo. Alionekana ametulia. Labda kusubiri kwenyewe ndiko kulikomweka hai, na akipewa alichokisubiri hatakuwa na sababu ya kuamka kesho. Labda shangazi alisema kweli. Nani alimpa yeye Kemilembe ruhusa ya kuingia kichwani mwa mtu akapange vitu upya? Angeweza kuchukua fimbo, azimalize chupa kimya kimya, arudishe masikio ya kitanda, aseme mtambo umekataa. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Mutalemwa!" sauti ya mzee ilipita katikati ya mvua, nyembamba, inauliza. "Mbona unachelewa, mwanangu?"

Kemilembe akavuta.

Mwanga ulipasua majani ya migomba, ukaonyesha kila tone la mvua limesimama hewani. Kisha ikapiga. Mtumbwi ulivuma, tangi likaupokea mvumo ule, likautapika kuelekea kilimani, kilima kikaurudisha, na ngurumo ikabingirika juu ya mabati ya nyumba zote za bondeni, ikaenda, ikaenda, ikafia mbali. Mbwa walibweka. Mahali fulani mtoto aliyekuwa hajawahi kusikia kitu kama kile akaanza kulia.

Kigoda kilianguka. Mzee alikuwa amesimama, punje za kahawa zimemwagika miguuni pake. Hakutabasamu. Kemilembe alikuwa amejiandaa kwa tabasamu na alikuwa amejiandaa kwa kilio, lakini hakuwa amejiandaa kwa uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona gari likimjia mtoto wake.

"Mutalemwa! Rudi!" Akamsukuma shangazi, akatoka mvuani, mzee yule asiyeweza kushuka ngazi bila kushikwa, akakimbia. "Rudi ndani! Acha uyoga! Achana na kijiti, mwanangu, rudi!"

Ndipo Kemilembe akakumbuka. Siku ile, yeye mdogo wa wote, amebanwa nyuma ya mlango, alimsikia baba yao kibarazani akipiga makofi na kucheka. "Wahi, mwanangu! Wahi!" Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo tena katika nyumba ile. Mzee alitoa kilima chake, akatembea nyumba zote zile kunyamazisha mbingu, na hakulisema. Alikuwa hasubiri uyoga. Alikuwa anasubiri ngurumo ya kwanza ili safari hii amwite mtoto arudi.

Na sasa alikuwa anakimbilia kichuguuni, kwenye mkuki wa shaba na nyaya.

Kemilembe alinyakua fimbo, akazigusa chupa haraka haraka, moja, nyingine, nyingine, zikitema cheche ndogo za mwisho, akatoka nayo mkononi mbio, waya wake ukichomoka nyuma. Mvua ilimpiga usoni. Mzee alikuwa amesimama kando ya kichuguu anageuka huku na huku, anaita, anaita, na kila alipoita alisikiliza, na mvua tu ndiyo iliyomjibu.

"Mutalemwa!"

Kule mlangoni shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Kemilembe akamtazama, kisha akamtazama baba yake. Alikuwa amesema hatamdanganya, na alikuwa amelisema kwa moyo wake wote.

"Mutalemwa!"

"Naam, Tata!" akaitika. "Nipo! Narudi!"

Mzee akamwona akitokea migombani, amelowa, kijiti kirefu mkononi. Akamrukia. Akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo Kemilembe hakujua kwamba bado anazo, akamburuta hadi ndani, akamkalisha kwenye nyasi, akavua shati lake la kanisani na kuanza kumfuta kichwa.

"Nikikuita uwe unaitika," alikuwa akisema. "Nimekuita, nimekuita! Uwe unaitika!"

"Nimeitika, Tata."

"Umeitika." Akaacha kufuta. Akamshika mashavu, akamtazama kwa muda mrefu. "Kweli, umeitika. Haya. Nipe hicho kijiti."

Kemilembe akampa fimbo. Mzee akaivunja gotini, akavitupa vipande vyake uvunguni mwa kochi. Kisha akaketi pale pale chini kando yake na kulia kwa sauti, kilio cha mtu ambaye jambo baya limemkosa kidogo tu. Shangazi akaja akaketi upande wa pili.

Simu ya Kemilembe ikalia. Alikuwa Rwegasira, mwenzake wa zamu kituoni, mtu mzima anayekaribia kustaafu.

"Kemi. Mnara unasema kuna radi imeponyoka huko kwenu."

Kemilembe akafumba macho. "Ni mimi, Rwegasira. Ripoti tu."

"Mimi nilikuwa nje barazani," Rwegasira alisema. "Niliisikia kwa masikio yangu. Nikamkumbuka bibi yangu anafunika kioo." Akakohoa. "Nimeandika kwamba mnara umepiga chafya. Ila Kemi, usirudie. Haki ya Mungu, usirudie. Hapa watu wazima wametoka nje wamesimama mvuani wanatazama juu, na mmoja analia."

*

Kemilembe aliuvunja mtambo kesho yake. Tufe za shaba alizisugua kwa majivu na ndimu, lakini doa jeusi la cheche likakataa kutoka, na moja ilikuwa na tundu la spoki. Akazirudisha kwenye kitanda hivyo hivyo. Mzee akazipapasa.

"Masikio yamerudi," akasema, akaridhika.

Alipokwenda kung'oa mkuki wa shaba, Kemilembe alikuta udongo wa kichuguu umepasuka kuuzunguka. Uyoga ulikuwa umechipua, vichwa vyeupe vyenye tope, umesongamana kama watoto waliojipanga nyuma ya mlango. Alichuchumaa akautazama. Mkuki aliuchomeka yeye, kwa hiyo kwa desturi uyoga ulikuwa wake. Akauchuma wote, akaupika na karanga kama mama alivyokuwa akiupika.

Walipokaa mezani, mvua ikaanza kugonga mabati. Kemilembe na shangazi yake wakaacha kula, wakamtazama mzee. Taa ikaongeza mwanga. Mzee akainua kichwa, akasikiliza kidogo, akarudi kwenye sahani yake.

"Uyoga!" akasema, mdomo umejaa. "Miaka mingapi sijaula. Kemi, mwekee na kaka yako. Akiamka atakula."

Shangazi Kokugonza akamtazama Kemilembe. Kemilembe akainuka, akachukua sahani kabatini, akapakua.

"Polepole na hayo masahani," mzee akamnong'oneza. "Amelala."

Kemilembe akaifunika kwa jani la mgomba, akaiweka mahali pa kaka yake mezani, na kijiko pembeni.